Kibali cha Mama Foronya

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kwenye daftari la mahudhurio tu. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari wa upasuaji, ilimwita Mama Foronya. Siku yake ya kwanza kazini, miaka kumi na tisa nyuma, alikataa kupokea furushi la nguo chafu kutoka wodini mpaka foronya zihesabiwe mbele yake. Wauguzi wakamcheka, wakahesabu ili wamwaibishe, wakakuta zimepungua tisa. Tangu siku hiyo hakuna foronya iliyopotea, na jina likamganda kama wanga kwenye kola.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, ukuta kwa ukuta na stoo ya vitu vilivyokufa. Kilikuwa na mashine mbili kubwa: moja ilifua, nyingine ilinguruma tu. Walifanya kazi wanawake watano, na aliyekuwa karibu zaidi na Mama Foronya ni mmoja aliyeitwa Kijiko, mwembamba, mwepesi wa miguu, ambaye hakuna jambo lililopikwa pale hospitalini asilolikoroga.

Kila asubuhi Mama Foronya alisukuma kitoroli cha shuka safi hadi wodi ya watoto. Njia ilipita kwenye korido ambako akina mama waliotoka mbali kuuguza watoto wao walilala sakafuni, wengine juu ya khanga, wengine juu ya boksi lililokunjuliwa. Alikuwa amewazoea, kama mtu anavyozoea kelele za jirani. Mpaka asubuhi moja gurudumu la kitoroli lilipopita juu ya vidole vya mama mmoja aliyekuwa amelala. Yule mama akashtuka, akavuta mkono wake kifuani, akasema haraka, "Samahani, dada. Nimeuacha mkono njiani."

Mama Foronya alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Aliyekanyagwa ndiye anaomba radhi! Siku ile alipiga pasi shuka moja mara tatu bila kujijua.

"Lakini hii stoo ya pembeni ina nini?" alimuuliza Kijiko.

"Ina vyuma vya kutundikia dripu visivyosimama na viti visivyokalika. Kwa nini?"

"Inaweza kuingia vitanda kumi vya wale akina mama wa koridoni."

Walikwenda wote wawili kwa muuguzi mkuu, mwanamke mwenye sauti ndogo na maamuzi makubwa. Akawasikiliza bila kuinua macho kwenye makaratasi yake, halafu akasema, "Stoo chukueni. Vitanda sina. Mbao sina. Magodoro sina. Kwa nini msichezeshe bahati nasibu? Watu wanapenda. Zawadi mbili tatu, tiketi za bei ndogo, mambo yanakwisha."

Kijiko akapiga makofi. Mama Foronya akarudi nyuma hatua moja.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu mama nyoka wake alikuwa amelala naye kitanda kimoja. Mume wake alikuwa seremala, tena si seremala wa kubahatisha, mbao ilimtii. Lakini zamani, watoto walipokuwa wadogo, mchezo ulimshika. Alianza na karata za mchana, baada ya kazi. Zikafuata tiketi za bahati nasibu, na mwisho hata mashindano ya kuku wa jirani aliyawekea dau. Ilipokwenda redio, Mama Foronya alinyamaza. Ilipokwenda baiskeli, alilia. Kisha jioni moja akarudi kutoka kazini, akakuta nyumba haina mlango. Mlango wenyewe, wa mbao nzito, ambao mumewe aliuchonga kwa mikono yake mwaka waliohamia pale. Aliung'oa kwenye bawaba, akaubeba kichwani, akauchezea, akaliwa. Kwa miezi minne walitundika shuka kuukuu mlangoni, na kila upepo ulipovuma, majirani walijua walichopika.

Miaka kumi na moja sasa ilikuwa imepita tangu mumewe aguse mchezo wowote. Ukimuuliza siku gani aliacha, angekwambia hakuna siku aliyoacha, anaacha kila asubuhi. Alibadilisha njia ya kwenda karakana ili asipite pale walipokaa wacheza karata, na ujira wa kila kazi aliupeleka mikononi mwa mkewe ukiwa bado haujapoa. Mama Foronya naye alikuwa amekula kiapo: hakuna kitu chenye harufu ya kubahatisha kitakachovuka kizingiti chake.

Na sasa auze tiketi yeye mwenyewe! Alilala na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne akawaona wale akina mama wakikunja maboksi yao ili mfagiaji apite, akapiga moyo konde. Ila hakumwambia mumewe. Alisema tu kwamba kikundi cha kazini kinachangisha fedha za vitanda.

Zawadi zilipatikana upesi kuliko walivyotegemea. Mwenye duka la vitambaa alitoa cherehani mpya. Mwenye duka la magodoro alitoa godoro moja nene. Na muuguzi mkuu mwenyewe alitoa blanketi la sufu ambalo bado lilikuwa kwenye mfuko wake. Kilichobaki ni tiketi. Wakaenda kwa mtu wa fotokopi ng'ambo ya barabara.

Mtu wa fotokopi akaangalia karatasi waliyomchorea, akairudisha juu ya meza kama chapati iliyoungua. "Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini, kaka?" Kijiko akauliza. "Sisi ni hospitali."

"Hata mngekuwa malaika. Mwaka juzi nilimchapishia mtu tiketi za pikipiki. Aliziuza zote, akatokomea, na pikipiki yenyewe haikuwahi kuwepo. Duka langu lilifungwa wiki mbili. Nendeni ofisi ya vibali vya michezo ya kubahatisha, ghorofa ya tatu, jengo lenye ngazi za nje. Mkirudi na karatasi yenye muhuri, nitawachapishia hata kwa rangi."

Ghorofa ya tatu kulikuwa na benchi refu, feni isiyozunguka, na dirisha moja tu lililokuwa wazi. Nyuma yake alikaa ofisa mwanamke wa makamo, miwani shingoni kwa kamba, kalamu nyekundu mkononi. Watu kwenye benchi walimwita Nukta, kwa kunong'ona, kwa sababu hakuwahi kusamehe nukta iliyokosekana. Kijana mmoja aliyetaka kuchezesha zawadi za uzinduzi wa duka lake la simu alishuka ngazi akiwa na fomu yake mara ya tano, akisema peke yake.

"Kikundi chenu kina katiba?" Nukta aliuliza zamu yao ilipofika.

"Katiba hatuna, mama, ila tuna umoja," akajibu Kijiko.

"Umoja haupigwi muhuri."

Akawapa fomu ya kurasa sita, akaeleza mara moja, taratibu, bila kurudia: waandikishe kikundi, walete muhtasari wa kikao, barua ya hospitali kukubali chumba, barua za waliotoa zawadi, idadi ya tiketi, mfano wa tiketi yenye namba na kishina chake cha kubaki kitabuni, na mahali na saa ya droo. Wasiuzie watoto. Droo ifanyike hadharani, mbele ya ofisa. Baada ya wiki mbili walete taarifa ya fedha zilikokwenda.

Kijiko alitoka pale amenuna. "Huyu mama anataka tuchoke tukate tamaa."

Mama Foronya hakuona hivyo. Kusema kweli, masharti yale yalimtuliza. Mchezo uliomla mumewe miaka ile haukuwa na kishina, haukuwa na ofisa, haukuwa na saa ya kuanza wala ya kumaliza. Alizipanga zile karatasi sita kama anavyopanga foronya, pembe kwa pembe, na kwa wiki tatu akapanda na kushuka zile ngazi. Mara ya kwanza barua ya hospitali ilikosa tarehe. Mara ya pili cherehani haikuelezwa ni ya mkono au ya miguu. Mara ya tatu Nukta alisoma kimya hadi ukurasa wa tano, kalamu nyekundu ikasimama.

"Swali la kumi na nne. 'Eleza jinsi mtakavyomlinda mtu asicheze kupita uwezo wake.' Mmeandika: 'Hatuna wachezaji wa namna hiyo.'"

"Ndiyo, mama."

"Kila mji una wachezaji wa namna hiyo."

Uso wa Mama Foronya uliwaka kama wa aliyeegemea pasi. Alichukua fomu yake, akasema ahsante, akashuka ngazi zote bila kumngoja mwenzake.

Jumapili asubuhi alikuwa uani akifua za nyumbani, maana fundi wa viatu hutembea peku na dobi nguo zake humngoja Jumapili. Mumewe aliingia ndani kutafuta penseli ya kuchorea mbao. Alikaa sana. Mama Foronya alipoingia kumtazama, alimkuta ameketi mezani, ile fomu mbele yake, kidole chake kinene kimesimama kwenye ukurasa wa tano.

"Baba watoto, nilitaka kukwambia."

"Ulitaka kuniambia lini? Baada ya droo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nisikie neno tiketi nikimbie na sufuria?" Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliigeuza fomu kidogo kuelekea mwanga. "Hapa mmeandika uongo."

"Najua."

"Mtu wa namna hiyo mnaye. Unamfulia mashati." Akavuta kiti cha pili kwa mguu. "Kaa. Shika kalamu. Mwandiko wangu mbaya, lakini swali hili nalijua kuliko huyo aliyelitunga."

Akakaa, mikono bado ina povu, akaifuta kwenye doti lake.

"Andika: mtu mmoja tiketi tatu, basi. Hata alie. Andika: hakuna mkopo, wala kuweka rehani kitu, wala 'nishikie nitalipa kesho.' Andika: zawadi isiwe pesa, na isibadilishwe kuwa pesa. Andika: droo iwe moja tu, na ikiisha meza ikunjwe palepale, watu waende zao. Mchezo usiokuwa na mwisho ndio unaomaliza mtu."

"Taratibu, baba watoto."

Akangoja kalamu imfikie. Alikuwa akitazama mlango, si kwa kuutazama, ila macho yalikuwa huko. "Na hili la mwisho. Andika: aliyekosa asiambiwe amekosa kidogo tu. Asiambiwe namba yake ilikaribia. Hakuna kukaribia. Neno lile, mama watoto, ndilo lililong'oa mlango wetu. Kila siku niliambiwa nimekaribia."

Mama Foronya aliandika. Herufi zilianza kucheza mbele ya macho yake, ikabidi asimame kwenye neno "kukaribia" hadi karatasi itulie. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wameishi na jambo lile kama na chumba kilichofungwa. Walipita mbele yake kwa ncha za vidole. Leo mwenye chumba alikuwa amefungua mwenyewe.

"Pipa la kuchezeshea mnalo?" mumewe aliuliza baadaye, kama anayeuliza habari ya hali ya hewa.

"Tutatumia ndoo."

"Ndoo! Watu wazima mnachezesha kwa ndoo?" Akaipata penseli yake, akaiweka sikioni. "Nitawatengenezea pipa la mbao, lenye mkono wa kuzungushia na kidirisha. Kila mtu aone namba zinavyochanganyika. Lakini siku yenyewe sitakuja. Usinisubiri na usinishawishi."

"Sitakushawishi."

Jumatatu Nukta alisoma jibu la swali la kumi na nne, akavaa miwani yake, akalisoma tena. Benchi zima lilinyamaza, kwa sababu ile kalamu nyekundu ilikuwa haijagusa karatasi.

"Nani amewaandikia haya?"

"Mume wangu, mama."

"Anafanya kazi gani?"

"Seremala."

Nukta alimtazama kwa muda, tena kwa macho ya mtu, si ya ofisa. "Nimekaa dirisha hili miaka kumi na minne. Watu wananakili jibu hili kutoka kwenye fomu za wenzao, hata makosa wananakili. Hili halijanakiliwa." Akainama, akaongeza nukta moja iliyosahaulika mwishoni mwa sentensi, akapiga muhuri wa kupokea. "Mkurugenzi anasaini Alhamisi. Njoo saa nne. Na mpe pole, halafu mpe hongera."

Alhamisi saa nne na robo Mama Foronya alishuka zile ngazi na kibali ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mkoba, mkoba kifuani. Mtu wa fotokopi alikisoma, akakigeuza nyuma akasoma na pasipoandikwa kitu, halafu akachapisha tiketi kwa rangi ya buluu bila kuongeza bei.

Siku ya droo, Jumamosi mchana, turubai lilifungwa uani mwa hospitali. Cherehani iling'aa mezani, godoro limesimamishwa kama mgeni rasmi, na pipa la seremala likawavuta watu kuliko zawadi zenyewe. Lilizunguka laini, bila mlio. Nukta alifika kabla ya wakati, akahesabu vishina mwenyewe, akakalia kiti alichopewa bila kuegemea.

Zilikuwa zimebaki tiketi arobaini na kitu alipokuja bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa. "Nipe zilizobaki zote. Nina haraka."

Mkono wa Kijiko ulikuwa umeshafika kwenye kijitabu. Mama Foronya akaufunika kwa wake.

"Tatu tu, kaka. Ndiyo sheria yetu."

"Ni sadaka, mama! Unakataa sadaka?"

"Sadaka sikatai. Sanduku lile pale, tundu lake pana. Tiketi ni tatu."

Yule bwana alicheka, akaona hachekewi, akanuna. Alisema hajawahi kuona ombaomba mwenye masharti. Akaondoka bila hata ile moja.

"Umefukuza kitanda kizima!" Kijiko akanong'ona.

"Kiende," akasema Mama Foronya. Tiketi zilizobaki zikachanwa mbele ya watu wote, kama kibali kilivyotaka, na pipa likazungushwa.

Blanketi lilikwenda kwa bibi mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu. Godoro likamwangukia mlinzi wa getini, uwanja ukalipuka kwa vicheko, maana usingizi wake ulijulikana. "Sasa atalala kazini kwa kibali!" mtu akapiga kelele, na nadhani hata Nukta alitabasamu, ingawa alijificha nyuma ya karatasi. Cherehani ilichukuliwa na msukuma machela, mwanaume wa futi sita asiyejua kutunga uzi kwenye sindano. Aliikumbatia vilevile. "Nitajifunza," akasema. "Usiku wodini ni mrefu." Kisha meza ikakunjwa palepale, na hakuna aliyeambiwa kwamba alikaribia.

Mama Foronya hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakana. Mumewe alikuwa akipiga randa ubao ambao ulishakuwa laini tangu saa nyingi. Maranda yalimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Pipa lilikwama?" akauliza bila kugeuka.

"Halikukwama."

Randa ikaenda, ikarudi. "Nilikuja," akasema.

"Ulikuja wapi?"

"Nilifika getini. Mlinzi hakuwepo, nadhani alikuwa ndani anangojea bahati yake. Nikasikia pipa linazunguka. Nililitengeneza mimi, naujua mlio wake hata kama ninyi mnasema halina. Nikasimama. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe."

Mama Foronya alishika ukingo wa meza ya kazi.

"Kisha nikageuka," mumewe akasema. "Nilitembea haraka kama mwizi. Nimefika hapa nikashika ubao wa kwanza niliouona." Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa umelowa jasho, lakini ulikuwa uso wake. "Nilifikiri baada ya miaka yote hii pangekuwa hakuna kitu. Bado kipo. Lakini miguu ilinitii."

Mama Foronya akamkung'uta maranda mabegani, akamkung'uta na mgongoni, akarudia mabegani ingawa palishakuwa safi. "Umekula?" akauliza mwishowe.

"Nile saa ngapi, na nimepiga randa ubao mpaka umekuwa karatasi?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka, wakafunga karakana mapema.

Fedha zilitosha vitanda saba na magodoro yake, badala ya kumi. Seremala alivitengeneza kwa wiki tatu, na kwa kila kitanda alilipwa bei ya mbao na misumari. Ya mikono yake alikataa. Vitanda vikiwa bado karakana, ila vifaa vyote vimeshanunuliwa, Mama Foronya alipeleka taarifa siku ya kumi na mbili baada ya droo, siku mbili kabla ya mwisho. Nukta aliisoma yote, hakupata pa kuweka nukta, akaonekana kama aliyenyimwa haki yake. Kisha akauliza kama anaweza kubandika lile jibu la swali la kumi na nne ukutani, pasipo jina, ili watu wa kwenye benchi wasome wakisubiri.

"Nitamuuliza mwenyewe," akasema Mama Foronya. Mwenyewe alifikiri siku nzima, akasema wabandike, ila warekebishe mwandiko wa mkewe.

Chumba kilifunguliwa siku ya Jumatano. Hakukuwa na hotuba. Muuguzi mkuu alileta ufunguo, Kijiko akaukoroga kwenye kitasa hadi ukakubali. Alhamisi asubuhi Mama Foronya aliingia kimya na shuka saba mkononi. Vitanda vyote vilikuwa na watu. Kwenye kile cha dirishani mama mmoja kijana alikurupuka, akatafuta viatu vyake huku na huku.

"Jamani, jua limeshatoka! Nimechelewa! Mbona hamkuniamsha?"

"Mtoto wako amekunywa uji na amelala," Mama Foronya akamwambia. "Nimetoka huko sasa hivi. Rudi ulale kidogo."

Yule mama alimtazama kama asiyeamini kwamba neno lile linaweza kusemwa hospitalini. Kisha akainua miguu yake, akairudisha kitandani, akajifunika hadi kidevuni.